Madereva ni wale wale

Ukitaka kumwona dereva wa Dar es Salaam akigeuka mtu mwingine, achana na Wiki ya Nenda kwa Usalama na stika zake. Tafuta shule ya msingi yenye tuta la maana mbele ya geti, ukae hapo kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Daladala ile ile iliyokuja ikitanua tangu kituo cha nyuma, tairi mbili kwenye vumbi, konda akining'inia mlangoni na kupiga ubavu wa gari, ikifika pale inanywea. Inapanda taratibu, inashuka taratibu. Watoto wanavuka na mabegi yaliyowazidi ukubwa. Mita mia mbele tuta limeshasahaulika na jamaa amerudia hali yake. Hakuokoka pale katikati, wala hakusoma kibao chochote. Aliogopa kuvunja springi.

Mabishano ya usalama barabarani mjini kwetu, yawe ya kijiweni au ya ndani ya foleni, huanza na mtu na kuishia kwa mtu. Dereva wa Dar ni mhuni, leseni kanunua, bodaboda hawana akili, tatizo letu ni ustaarabu. Wapo wachache wanaosema vingine: kwamba barabara tuliyojenga na kazi tuliyompa dereva ndivyo vinavyomfanya awe vile alivyo. Hao wakisema wanaonekana wanatetea wahuni, au wamesoma sana. Mimi nadhani hawajasikilizwa vizuri. Lakini wale wa kwanza nao hawasemi uongo, na ni haki tuanze nao.

Anayelaumu tabia ana ushahidi kila anapotoka nyumbani. Kuna wa kutanua, ambaye foleni ikisimama anaiona njia ya waenda kwa miguu kuwa njia yake ya tatu. Kuna wa kuchomekea, anayeacha wenzake wapange mstari kisha anakuja kuingiza pua mbele kabisa, karibu na mataa. Bodaboda anakuja upande usio wake, na anakupigia honi wewe uliye upande wako. Kofia ngumu anayo, ameivalisha kiwiko. Nyuma kapakia mishikaki, watu wazima wawili na mtoto wa shule kabanwa katikati. Deiwaka, dereva wa kushikizwa gari kwa muda, kashika Coaster kwa tripu mbili za usiku huku mwenye gari lake akinyoosha mgongo. Na tusijifanye haya ni ya watu wa daladala na bodaboda peke yao. IST inayotupofusha kwa taa za fulu usiku kucha, na shangingi linaloingia kwenye njia ya mwendokasi kwa sababu tu limewasha taa za dharura, vina wenyewe, na wenyewe wana shahada.

Hoja yao kubwa, ambayo hunipa shida kuijibu, ni hii: barabara moja, gari la aina moja, tajiri mwenye gari yule yule, lakini madereva wawili hawafanani. Mtaani kwetu kuna mzee aliyestaafu daladala. Ameendesha Tandika hadi Kariakoo tangu enzi za vipanya, na anajisifia kwamba hajawahi kugonga hata kuku. Hesabu, ile fedha ya tajiri ya kila siku, alikuwa akipeleka kama wenzake. Kama mfumo ndio unaoua, mbona yeye haukumfanya muuaji? Dereva ana macho, ana mguu na ana breki. Anapoamua kupita wakati mama mjamzito ameshakanyaga mstari wa kwanza wa zebra, ameamua yeye, na hakimu akimuuliza asije akajibu kwamba barabara ilimtuma.

Kwa watu hawa dawa ni sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, kibao cha 50 kipo, faini ya 30,000 ipo. Mwaka 2022 bodaboda na bajaji waliposhushiwa faini hadi 10,000, tuliwasikia watu hawa wa sheria wakinung'unika kwamba sasa uhuni umepewa punguzo. Na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, inafanya kazi, hakuna ubishi. Nenda Barabara ya Morogoro uone basi la mkoani linavyotembea kama bibi harusi likikaribia mti ambao trafiki huwa amesimama chini yake. Shida ni kwamba anayekuja upande wa pili ameshamwashia taa kilomita mbili kabla. Kwa hiyo anachojifunza dereva pale ni mahali trafiki alipo, na kesho akihamia mti mwingine, somo linaanza upya.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Ukishasema tatizo ni ustaarabu, umesema tusubiri watu wastaarabike. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 5,383,728 mkoani humu. Sioni semina itakayotosha.

Turudi kwenye tuta. Shirika la Amend, linaloshughulika na usalama wa barabarani hapa Afrika, lilichagua shule za msingi za Dar zenye hatari kubwa kwa watoto, likafanya mambo ambayo hata fundi wa mtaani angeyawaza. Tuta. Zebra. Njia ya miguu iliyotengwa na magari. Nguzo fupi za kumzuia bodaboda asipande kwenye njia ya watoto. Vibao. Pengine geti la shule likahamishwa lifungukie upande uliotulia. Watoto nao wakafundishwa kuvuka. Kisha yakalinganishwa maeneo ya shule zilizorekebishwa na ya zile ambazo hazijaguswa: majeraha ya watoto yalipungua kwa asilimia 26, na mwendo wa magari, katika baadhi ya maeneo hayo, ulipungua kwa hadi asilimia 60. Mwaka 2019 mradi huo ukapewa tuzo ya WRI Ross Prize, tuzo ya dunia nzima kwa miradi inayobadilisha miji, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kutolewa. Ajabu ni kwamba ukiuliza kijiweni, watu wengi hawajawahi kulisikia jambo hilo. Kipa akidaka penalti moja Kwa Mkapa tunalijua jina la mama yake.

Asilimia 26. Nimewahi kuitaja mbele ya watu wanaopenda kubishana na jibu likaja haraka: ni robo tu, robo tatu bado wanaumia, hiyo nayo ni dawa gani? Ni kweli, na asiyetaka kusikia hilo asiitumie takwimu hii. Tuta halikumaliza tatizo. Lakini tazama ambacho hakikufanyika. Hakuna dereva aliyerudishwa darasani. Hakuna tajiri aliyepunguza hesabu. Leseni iliyonunuliwa ilibaki imenunuliwa. Trafiki hakuongezwa, faini haikupanda, hakuna shehe wala mchungaji aliyepita mtaani kuhubiri juu ya breki. Wale tunaowaita wahuni walipita pale asubuhi na jioni, na uhuni wao wote, na bado watoto wakapona. Kama tabia ingekuwa ndiyo mzizi wa kila kitu, namba hiyo ilipaswa kuwa sifuri.

Kuna jambo jingine kuhusu hiyo robo linalonikaa kichwani. Kati ya kila watoto wanne ambao wangeumizwa, mmoja hakuumizwa, na hakuna ajuaye ni yupi. Hata mwenyewe hajui. Sasa hivi labda yuko kidato cha tatu, anasumbua nyumbani kwa simu, na siku moja gari lilichelewa sekunde mbili mbele yake kwa sababu ya kifusi cha lami chenye mistari myeupe. Kazi ya namna hii haina picha. Mtoto aliyegongwa ana picha, ana msiba, ana kiongozi anayefika na rambirambi. Ambaye hakugongwa hana lolote, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya kukosa bajeti.

Wanaolaumu tabia husahau pia kwamba vifo vingi havihitaji uhuni mkubwa. Shirika la Afya Duniani lina takwimu ambayo ningeibandika kwenye kila dashibodi: mtembea kwa miguu anayegongwa na mbele ya gari, hatari yake ya kufa hupanda mara nne na nusu mwendo ukitoka kilomita 50 kwenda 65 kwa saa. Nyongeza ya 15 tu. Ukiwa ndani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza, 50 na 65 huwezi kuzitofautisha bila kutazama mshale. Hakuna anayejiona mhuni akiwa na 65 kwenye lami pana ya kutoka Mwenge kwenda Tegeta, na akishuka kwenye 50 wa nyuma yake atampigia honi. Kibao kinamwambia kitu kimoja, na upana wa barabara unamwambia kingine, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Ndiyo maana nasema, na najua nitachekwa, kwamba mchana foleni ndiyo inayotuokoa. Mimi pia naichukia. Nimewahi kuketi Buguruni mpaka karanga nilizonunua dirishani zikaisha, nikanunua nyingine, zikaisha nazo. Lakini gari lililo ndani ya foleni ile linakwenda mwendo wa mtu anayetoka sokoni, na likikugusa linakuchubua. Hatari huja foleni ikifunguka: usiku, alfajiri, na kwenye barabara mpya. Daraja la Mfugale lilipofunguliwa pale TAZARA mwaka 2018, na la Kijazi Ubungo mwaka 2021, tulishangilia wote na tulikuwa na sababu. Ila foleni ikiondoka, lazima kipatikane kitu cha kuchukua kazi yake ya kupunguza mwendo, na mara nyingi hatuweki kitu. Tunaweka kibao.

Angalia Kimara hadi Kibaha, kilomita 19 na ushee, njia nane. Ni barabara ya fahari, sibishi, na aliyewahi kwenda Morogoro siku za Krismasi kabla haijapanuliwa anaelewa ilituondolea nini. Sasa simama pembeni yake na mama mwenye beseni kichwani anayetaka kwenda kituo cha upande wa pili. Kwa aliye ndani ya gari barabara hii ni salama kuliko ile ya zamani. Hakuna tena kuovateki lori uso kwa uso. Kwa mama huyu upana umeongezeka, mwendo umeongezeka, na sekunde anazokaa katikati ya magari zimeongezeka. Barabara ni moja na siku ni hiyo hiyo, ila majibu ni mawili. Tunapoulizana kama barabara zetu ni salama huwa hatusemi tunamuulizia nani, na kwa kawaida anayejibu ni mwenye gari. Duniani kote zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki.

Hapa upande wa tabia utaniambia: daraja la juu si lipo? Manzese lipo miaka yote na watu bado wanapita chini yake. Ni kweli, wanapita, nami nimepita. Kivuko kinachokutaka upande ngazi, utembee, ushuke ngazi, ili uende mahali unapopaona kwa macho yako, kinakuomba ulipe kwa magoti yako ili dereva asipunguze mwendo. Mwenye mzigo hapandi, mzee hapandi, na usiku hata kijana anawaza vibaka kwanza. Unaweza kuuita uvivu. Lakini mtu anayepanga barabara akijua watu watafanya hivyo, halafu akapanga kana kwamba hawatafanya, naye ana jina lake.

Kuhusu mataa nina ugomvi mdogo. Tunasema dereva wa Dar haheshimu taa nyekundu. Nani alimfundisha? Asubuhi yoyote, kwenye makutano makubwa, taa zinawaka vizuri kabisa na trafiki kasimama katikati anaongoza kwa mikono. Nyekundu inawaka, yeye anakuita uje. Kijani inawaka, amekunyooshea kiganja, na hapo utakaa mpaka upande wa pili umalizike. Nafahamu kwa nini anafanya hivyo: taa haijui kwamba upande mmoja umejaa hadi kituo cha tatu. Nia ni njema. Ila tumemzoesha dereva kwa miaka kwamba rangi ya taa ni maoni tu, uamuzi upo kwa mtu aliyesimama. Saa nne usiku mtu huyo ameondoka, taa imebaki peke yake, na hakuna anayeisikiliza.

Sasa hesabu, maana huwezi kuzungumzia daladala ukaiacha. Kila mtu anajua inavyokwenda: tajiri apate yake, mafuta yapatikane, kinachobaki ndicho cha suka na konda. Kuna kitu ambacho sikukijua mpaka niliposafiri kiti cha mbele usiku mmoja kutoka Kariakoo kwenda Gongo la Mboto. Gari lilikuwa linakimbia kupita kawaida, nikamuuliza dereva, kwa heshima, "Kaka, mbona mbio hivi na barabara nyeupe?" Akacheka. Akasema ya bosi imetimia muda si mrefu, tripu hii na inayofuata ndizo zake. Tangu alfajiri alikuwa akimfanyia kazi mwingine, na sasa, saa tatu na nusu usiku, macho mekundu, ndiyo siku yake ya kazi ilikuwa inaanza. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo. Tumepanga mambo kwa namna ambayo fedha ya dereva mwenyewe huja mwisho, akiwa amechoka kuliko wakati wowote, barabara ikiwa tupu kuliko wakati wowote. Hata ungepanga makusudi usingeweza kupatia zaidi ya hapo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomwacha mwanafunzi kituoni. Nauli yake ni 200, konda anamwona kama kiti kilichopotea, kwa hiyo mtoto anadandia gari likiwa limeshaondoka, au anatembea pembeni ya barabara isiyo na pembeni. Mtoto yule yule tunayemjengea tuta.

Abiria tusijitoe. Daladala nyingine ikitupita utasikia kutoka viti vya nyuma: "Suka, gari bovu au unabembeleza mtoto?" Tunagombania gari linalokimbia, tena wengine tunalipa nauli mara mbili kugeuza nalo ili tupate kiti, kisha likipinduka tunashangaa.

Mwaka 2015, Aprili na tena Mei, madereva waligoma nchi nzima, Ubungo pakajaa abiria waliokwama na mabegi. Kilichosikika sana ni kwamba hawataki kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, na tukawacheka, mimi nikiwamo. Dai lao jingine lilikuwa mikataba ya ajira. Hilo halikuchekesha, na kwa sababu halikuchekesha nadhani tulilisahau. Dereva mwenye mkataba na mshahara hana sababu ya kugombania abiria watatu waliosimama kituo cha Banana. Anaweza kusubiri. Wapo watakaosema ukimpa mshahara atalala kituoni, gari halitajaza, tajiri atauza basi. Mwenye daladala moja, aliyeinunua kwa mkopo au kwa kiinua mgongo, hasemi hivyo kwa uchoyo. Anajua deni lake. Ni hoja nzito na sina jibu lake jepesi.

Isitoshe, nina kitu kinachonichokoza upande wangu mwenyewe. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 tulipata ghafla madereva wasiopeleka hesabu, wanaolipwa mshahara, wenye njia yao wenyewe. Kwa nadharia yangu ilibidi ajali zao ziwe hadithi. Na bado tumeona mabasi yale yakigonga watu, bodaboda, na magari yaliyokatisha. Kwa hiyo hesabu siyo kila kitu, na anayedai hivyo anadanganya. Ila ukitazama wapi yanagonga, unarudi kule kule: njia iliyonyooka, basi refu na zito, mwendo, na mtu anayekatisha kwa sababu katazama upande ambao magari ya kawaida hutokea. Mshahara umeondoa haraka ya tumbo. Haukuondoa mwendo, na mwendo ndio unaoua.

Bodaboda naye angestahili makala yake. Nitasema moja tu. Tangu kanuni za mwaka 2010 zimpe ruhusa ya kubeba abiria kwa leseni, tumemlaumu kwa kila kitu, huku kijana wa pikipiki ya mkataba akidaiwa kila jioni kama suka wa daladala, na akiwa hana hata bodi la kumkinga. Na ile kofia ya abiria anayo, lakini ukipewa unasema inanuka, au utaharibu nywele.

Wapo wanaosema kelele zote hizi zimepitwa na wakati kwa kuwa hali imeshatengemaa. Takwimu za polisi zilishuka miaka iliyofuata baada ya 2016. Natamani iwe hivyo, na sehemu yake naamini ni kweli, maana kampeni ya tochi dhidi ya mabasi ya mikoani ilikuwa kali. Lakini uchukue mwaka huo wenyewe wa 2016. Hesabu rasmi ya nchi ilikuwa vifo 3,256. Shirika la Afya Duniani, kwa mwaka huo huo, lilikadiria 16,252. Karibu mara tano. Makadirio ni makadirio, yanatoka kwenye kanuni za hesabu na si kwenye daftari la mochwari, na ofisa wa polisi akikasirika ukimwonyesha simlaumu. Hata hivyo sote tunajua kifo kinavyoweza kupotea njiani. Mtu anagongwa Mbagala na pikipiki, wanamkimbiza hospitali kwa bajaji, jamaa wa pikipiki na ndugu wanaelewana, wiki ya pili mgonjwa anafariki kwa kuvuja damu kichwani. Msibani watu wataambiwa aliugua ghafla. Nani alirudi kituoni kuongeza namba? Ukiamua kuwa mpole, ukagawa tofauti ya namba hizo mbili katikati, unabaki na watu karibu 10,000 kwa mwaka nchi nzima. Ni Coaster moja iliyojaa viti vyote, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na anayesema barabara ni nzuri ila watu wabaya, na yule mzee wa Tandika ambaye hajagonga kuku simtumii kama kipimo. Mji wa watu milioni tano na zaidi hauwezi kuendeshwa kwa kutegemea wazee kama yeye. Yeye nampa heshima yake. Barabara ipangwe kwa ajili ya yule deiwaka.

Wananchi wenyewe wameshalijua hili kabla ya wachambuzi. Mtoto akigongwa mtaani, watu wakafunga njia kwa mawe na matairi, sikiliza wanachodai diwani akifika. Ni nadra kusikia "leteni semina ya madereva." Wanasema: matuta.

Kwetu ilitokea hivyo. Tulisubiri, barua ilikwenda na kurudi, mwisho vijana wakachanga saruji na kokoto wakamwaga tuta usiku kwa usiku. Lilikuwa baya. Refu mno, halina rangi, halina kibao. Wiki ya kwanza lilichana bampa za magari mawili na kumwangusha bodaboda mmoja mgeni, akachubuka mkono. Wenye barabara wakaja, wakasema si la kitaalamu, na walikuwa sahihi kabisa, wakalivunja kwa sururu asubuhi moja. Kufikia jioni wale wale waliochubuliwa bampa walikuwa wanapita pale na hamsini, sitini. Likamwagwa upya Jumamosi, safari hii fupi kidogo, na mama mmoja wa genge akatoa kopo lake la rangi nyeupe lililobaki tangu apake ukuta. Halikutosha. Limepakwa nusu, upande wa kushoto ukitokea barabara kubwa.